Wagonjwa Wameongezeka, Vifo Vimepungua

Wapo miongoni mwetu wanaoshikilia kwamba saratani ya matiti haina tiba, na kwamba kumpeleka mwanamke hospitali ni kumharakishia mauti. Tuwaombe watazame hesabu za Marekani, ambako maradhi haya yamefuatiliwa kwa miongo mingi. Huko kiwango cha wanaogunduliwa kuwa nayo kilipanda kwa takriban asilimia 1 kila mwaka kati ya 2012 na 2021. Hata hivyo, kiwango cha vifo kimeshuka kwa zaidi ya asilimia 40 tangu 1989, kwani uvimbe hugunduliwa ungali mdogo na dawa zimekuwa bora.

Neema hiyo, hata hivyo, haikuwafikia wote sawasawa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanawake weusi na weupe walikufa kwa viwango vinavyokaribiana. Tiba zilipoimarika, pengo likafunguka: leo weusi huugua kwa kiwango cha chini kidogo, ilhali vifo vyao vinazidi kwa karibu asilimia 40. Sehemu ya sababu ni aina kali ya uvimbe inayowapata zaidi. Iliyobaki, kwa rai yetu, ni kuchelewa: kukosa bima, umbali wa hospitali, miadi inayosogezwa mbele. Huku kwetu tunawajua pia waume wanaowaambia wake zao wasubiri kwanza.