Pupe isiyokunja goti



Katika kijitabu chetu kilichotangulia, ndugu mmoja, mwalimu kama sisi, aliandika kwamba pupe ya kitambaa si mambo ya mababu. Alisema ililetwa na masista, kwamba ni kazi ya wamama wasio na shuguli, na kama kweli tunataka kuhifadhi kitu, basi tushone zile pupe za kupamba meza, zenye mikono wazi sawa msalaba na miguu iliyonyooka, ambazo wageni wananunua. Tulisoma, tukanyamaza siku mingi. Lakini tumesikia watu wakirudilia maneno yake hata katika kikao chetu, na kunyamaza kumeanza kuonekana kama kukubali. Basi tunajibu.

Tunasema "pupe" juu hapa Bukavu watoto njo vile wanasema. Vitabu vya Tanzania vinaandika mwanasesere. Ni neno zuri, ila mwite mtoto wa Kadutu alete mwanasesere wake, uone kama ataitika. Koko yetu, mama ya mama yetu, alikuwa anasema tu "katoto ka bitambaa". Yeye njo alitufundisha kushona, sisi tungali kwenye shule ya msingi, na jambo la kwanza alilotufundisha halikuwa uso wala nywele. Lilikuwa kiwiko.

Tuanze na masista. Ndiyo, sindano ya chuma, makasi na vipimo vya karatasi vilipitia sana katika nyumba za masista, na katika zile fwaye sosiali ambamo, wakati wa Wabelgiji, wamama walifundishwa kushona na kupika. Hatukatai. Lakini kitenge nacho? Kiwanda cha Helmond, kule Uholanzi, kilianza mwaka 1846, na Waholanzi wenyewe walikuwa wanaiga batiki ya Java. Muhogo nao? Ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta pwani ya Kongo katika karne ya 16. Ndugu yetu anakula bugali ya muhogo, na siku ya ndoa watu wa nyumba yake wanavaa kitenge, na hatujamusikia akisema wavue kwa sababu si cha mababu. Juu ya nini masikini pupe peke yake njo iulizwe ilitoka wapi?

Tena mbele ya kitambaa kulikuwa migomba. Aliyekulia milimani anajua: unachukua ganda kavu la mgomba, unalikunja, unafunga kamba shingoni, unafunga kiunoni, kisha unafunga kwenye kiwiko na kwenye goti. Ile kamba ya goti hakuna sista aliyeileta. Mtoto mwenyewe aliifunga, kwa kuwa alitaka mtoto wake akae chini kama watu.

Hapo njo neno letu lote lilipo. Ndugu yetu anazani kiungo ni urembo, kitu cha kuongeza ukiwa na nafasi. Sisi tunasema pupe isiyokunja mkono na mguu si pupe, ni mapambo. Mtoto wa kike wa huku kwetu, akipata pupe, anaifanyia nini kwanza? Anaibeba mgongoni. Anachukua kipande cha kitenge, anainama, anaiweka, anafunga. Ili ikae pale, miguu inapaswa kupanuka na kukumbatia kiuno, na mikono ishuke mabegani. Ile ya mezani ukiifunga mgongoni inatelemka sawa fimbo. Mtoto anajaribu mara mbili, kisha anaitupa. Na anaitupa kwa haki.

Tueleze kazi yenyewe, kwa sababu tunaogopa wengi wanaobishana juu yake hawajawahi kuishika sindano.

Koko alikuwa anakunja kitambaa mara mbili na kukata mkono, upana wa vidole vitatu, bila kusahau nafasi ya mshono. Anashona pembeni, anaacha juu wazi, anaugeuza kwa kijiti. Kisha anajaza mabaki ya kitenge yaliyokatwakatwa, au pamba ya godoro la zamani. Anajaza mpaka kiwiko tu, anasukuma kwa kijiti mpaka pawe pagumu. Hapo anasimama. Anashona mstari mmoja wa kukatiza mkono, anaruka upana wa punje ya haragi, anashona mstari wa pili. Kati ya ile mistari miwili hakuna kitu ndani, ni kitambaa kitupu. Njo kiwiko hicho. Kisha anaendelea kujaza, lakini hafiki juu kabisa. Karibu na bega anaacha upana wa kidole bila kujaza, na ile sehemu tupu njo anaishonea kwenye mwili. Mwenye kujaza mpaka juu anapata mkono unaosimama sawa askari anapiga saluti.

Kwa watoto wakubwa kulikuwa namna ingine ya bega: sindano ndefu ya godoro, uzi wa nailoni uliofumuliwa katika gunia la mchele, na butoni mbili. Unapitisha uzi mkono wa kuume, bega mpaka bega ndani ya mwili, mkono wa kushoto, unarudi. Mara nne. Hapo mkono unazunguka kabisa. Ukikaza kidogo unaning'inia. Ukikaza sana kitambaa kinapasuka siku ya kwanza. Kwa mtoto anayetambaa, butoni hapana, ataing'oa na kuimeza.

Mguu njo una shida. Tunataka unyayo uangalie mbele, kwa hiyo mguu unakatwa kama unavyoonekana kwa pembeni, na mishono yake inakuwa mmoja mbele, mmoja nyuma. Ukiulaza mezani na kushona goti vile ulivyolala, goti litakunja kwa pembeni, sawa kaa. Kwanza uugeuze kwa vidole, mshono wa mbele ulale juu ya mshono wa nyuma, katikati kabisa, halafu njo upige mistari ya goti. Kwenye nyonga ni vilevile. Sisi tulikosea mara tatu. Koko alikuwa anaishika pupe mkononi, anaichezesha ile miguu ya kaa, anatuuliza: "Wee mutoto, uyu atatembea namna gani?" Kisha anaturudishia ili tufumue. Hakuwahi kufumua yeye mwenyewe.

Sasa tuseme ya shuleni, juu ni pale tunapoumia zaidi. Sisi tunafundisha biolojia katika sekondari. Tulipotoka ISP na diploma yetu mkononi, tulizani mwanafunzi anayetaja mifupa bila kukosa anajua mifupa. Tumewafundisha humerusi, radiusi, kubitusi, femuri, tibia, wanaimba sawa katekisimu. Mwaka mmoja tuliwaletea mabaki ya kitenge kwa fundi wa jirani, tukawaambia washone mguu mmoja tu, wenye goti. Karibu darasa nzima walishona goti la pembeni. Wenye kupata pointi kubwa katika mtihani nao walishona goti la pembeni! Hawakuwa wajinga. Hakuna aliyewahi kuwauliza juu ya nini goti linakunja upande mmoja tu na bega linazunguka kote. Tangu siku ile tunalianza somo la viungo kwa sindano, na kitabu kinakuja nyuma.

Na aliyeshona goti la kweli mara ya kwanza alikuwa kijana. Wenzake walimucheka. Lakini yeye alikuwa fundi wa kutengeneza mpira wa mifuko na kamba, na vidole vyake vilijua mahali pa kukaza na mahali pa kuacha. Ndugu yetu anaposema hii ni kazi ya wamama wasio na shuguli, tunamukumbuka yule kijana.

Tuna saa ya kazi ya mikono katika programu. Saa hiyo inafanya nini? Sote tunajua, tusifichane. Mwanafunzi anaambiwa alete ufagio. Mama yake anaenda sokoni Kadutu, ananunua ufagio, mtoto anauleta, anapewa pointi kwenye buleteni. Mkono ambao haujafanya kitu unapewa 8 kwa 10, na ufagio unabaki kwa shule. Tumeifanya hii na sisi, miaka mingi, kwa hiyo hatumurushie mtu jiwe. Ila hatutaki tena ndugu yetu atuambie kwamba desturi inakufa kwa sababu watoto wanapenda telefone. Mwalimu anayetia alama kwenye kitu kilichonunuliwa yuko anaiua mbele ya telefone kufika.

Juu ya feza, tukubali, ndugu yetu ana neno. Pupe yenye viungo inakula muda. Ile ya mezani, mama mwenye mashini anamaliza kadhaa kwa siku moja. Yenye viungo ni kazi ya mkono, na siku nzima inaweza kuisha kwa moja au mbili. Mama mwenye kulipa kodi ya nyumba hatamusikiliza mwalimu anayemuambia ashone polepole kwa ajili ya mababu. Hata sisi tusingemusikiliza.

Lakini tumeona mwisho wa ile njia. Miaka ya 2000, katika kartie yetu, mradi mmoja ulikusanya wasichana wajifunze kushona. Mwanzoni walikuwa na mama mmoja mzee aliyewafundisha kiwiko na goti. Kisha ilionekana pupe zinakawia. Waliambiwa waache viungo, mkono na mwili vikatwe pamoja, kipande kimoja, kila kitu kwa mashini. Mama mzee alirudi nyumbani. Pupe zilitoka nyingi, zilienda mbali, na kwa miaka michache wasichana walipata kitu. Siku wanunuzi walipoacha kununua, mradi ulifunga. Wasichana wale leo ni wamama wenye watoto. Tuliwauliza wawili kama wanaweza kushona goti. Walicheka. Katika kartie nzima hakukuwa mtoto aliyecheza na zile pupe, kwa hiyo hakuna aliyekuja kuwaomba watengeneze iliyopasuka.

Hatusemi msiuze. Uzeni ile ya mezani, mulipie kodi ya nyumba, Mungu awabariki. Ila msiiweke mbele ya watoto wetu na kuwaambia: hii njo desturi yenu.

Kuna na wale wanaosema pupe ni sanamu, na sanamu ni ushetani. Tunawajibu kwa upole juu ni watu wa sala kama sisi. Warega wa Mwenga na Shabunda walikuwa na sanamu za pembe na za miti katika Bwami, na zilikuwa za kufundishia: mkubwa anaionyesha, anatoa mezali, wanaoingizwa wanajifunza namna ya kuishi. Serikali ya kikoloni iliikataza Bwami mwaka 1948 bila kuuliza zinafundisha nini. Zile zilikuwa vitu vya wakubwa, hatuzichanganye na pupe ya mtoto. Lakini tuangalie tusirudie kosa lilelile, la kukataza kitu mbele ya kujua kinafanya kazi gani.

Vita vilipofika mjini kwetu Februari 2025, tulipokea jamaa nyumbani. Walikuja na mutoto wa miaka sita mwenye pupe ya plastiki ya sokoni, ya mkono mmoja. Mkono wa pili ulichomoka njiani, na ile plastiki ikishachomoka na kupotea hakuna namna: ni tundu tu begani. Alikuwa anaweka kidole ndani ya tundu lile, siku nzima, bila kusema. Tulimuuliza kama anataka tumutafutie ingine. Alikataa. Basi tulimushonea mkono wa kitambaa, wenye kiwiko, tukaufunga kwa uzi wa gunia tukipitia tundu lilelile mpaka shingoni. Haukufanana na ule mwingine hata kidogo. Mmoja wa plastiki ya rangi ya Wazungu, mmoja wa kitenge chenye maua. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena. Kesho yake pupe ilikuwa mgongoni mwake. Ule mkono umefumuka mara mbili tangu wakati ule, na mara ya pili aliushona mwenyewe, vibaya, lakini unakunja.

Tunaomba ushirika wetu mambo mawili, na tutayarudilia katika kikao kijacho. Kwanza, wale wamama wazee watatu ama wanne tunaowajua bado, walipwe kitu waje kufundisha Jumamosi, kama tunavyolipa wapiga ngoma wa sikukuu zetu. Pili, sisi walimu tuliomo katika ushirika tukubali, kila mmoja katika shule yake, kwamba saa ya kazi ya mikono haitapokea tena ufagio wa sokoni. Ndugu yetu naye tunamukaribisha, bila hasira. Alete pupe yake ya mezani, tuifunge kwenye mgongo wa mtoto yeyote, mtoto apande naye mpaka juu ya Kadutu. Uzi na sindano za godoro sisi tutaleta. Mabaki ya kitenge kila mtu alete yake.