Milimita Moja Isiwe Hukumu

Ndugu askari, kila mmoja wetu aliyefunzwa kulenga anajua kwamba mkono ukitikisika kidogo tu, risasi hupita mbali na shabaha. Hata hivyo, mwezi uliopita mwenzetu mmoja, mtu hodari kazini, alitujia ofisini na karatasi ya hospitali mkononi. Alidai mtoto aliye tumboni mwa mkewe ana hali ya Down, naye ameazimia kumrudisha mama huyo kwa wazazi wake.

Tuliisoma karatasi ile. Haikusema hivyo hata kidogo. Ilisema kwamba maji yaliyo chini ya ngozi, nyuma ya shingo ya mtoto, yalipimwa kwa ultrasaundi yakaonekana na unene wa milimita 2.9, na kwamba uwezekano wa hali hiyo ni 1 katika 90. Maana yake, wanawake 90 wakipewa karatasi kama hiyo, 89 kati yao hutazamiwa kuzaa watoto wasio na hali ya Down.

Kipimo hiki kilitangazwa na Dkt. Kypros Nicolaides na wenzake wa London mwaka 1992. Hufaa tu mimba ikiwa na majuma 11 hadi majuma 13 na siku 6. Tena ni kipimo chepesi kupotoka. Mtoto akiinua kidevu, unene waweza kuzidi kwa milimita 0.6; akikiinamisha, waweza kupungua kwa 0.4. Utando wa mfuko wa maji ukidhaniwa kuwa ngozi, hesabu yote imeharibika. Mpimaji stadi huikuza picha mpaka kichwa na kifua vijaze kioo, hungoja mtoto ajigeuze (yule hapokei amri ya gwaride), kisha hupima zaidi ya mara moja.

Na hata kikipimwa vyema, pamoja na umri wa mama, hugundua watoto wapatao 75 tu katika kila 100 wenye hali hiyo. Kikiongezewa vipimo vya damu, hufikia 90 hivi. Ni chujio. Uthibitisho hupatikana kwa kuchunguza kromosomu, kama vile kwa kutoa maji ya mimba kuanzia juma la 15, jambo lenye hatari ndogo ya mimba kutoka. Kwa hiyo mume na mke hawana budi kushauriana na daktari kwanza.

Twasema wazi kwamba anayemkabidhi mama karatasi ya namna hiyo bila maelezo ametenda kosa. Lakini mume anayeigeuza kuwa shtaka juu ya mkewe ametenda kosa kubwa zaidi. Kromosomu ya 21 huzidi bila mtu yeyote kukosa, na mtoto atakayezaliwa nayo ni mtoto wa baba yake.

Twawaomba makamanda wawape ruhusa askari wanaohitajiwa kliniki pamoja na wake zao. Mwenzetu alipewa siku moja. Alikwenda, akauliza kipimo kilichukuliwa juma la ngapi, na mara ngapi. Mkewe yungali nyumbani kwake kambini, nao wanangoja majibu pamoja.