Ukinunua nyumba Mavoko, uliza habari za kisima

Msomaji, ukitaka kununua nyumba Syokimau, Mlolongo au Athi River, bila shaka utapekua hatimiliki katika afisi ya ardhi. Utagonga kuta, utachungulia darini, na utauliza barabara inakuwaje wakati wa masika. Kisha utafungua mfereji, uone maji yanatoka kwa nguvu, nawe utaridhika.

Hapo ndipo wengi hukosea. Ubaya ninaouzungumzia hauna rangi wala harufu.

Huko Marekani, wengi wanaonunua nyumba huipima kwanza hewa ya ndani wajue kama ina radoni, gesi itokayo miambani na ambayo huleta saratani ya mapafu. Kwetu katika tambarare za Athi, mwamba hutufikia kupitia maji. Sehemu hizi zimetandazwa mawe ya volkeno, tofauti na vilima vya Mua na Iveti ambavyo mawe yake ni ya kale zaidi. Maji yanayokaa muda mrefu ndani ya mawe hayo ya volkeno huyeyusha madini ya floraidi. Na kwa kuwa maji ya kampuni ya Mavoko hayawatoshi wakazi, mitaa mingi hutegemea visima virefu.

Floraidi kidogo hulinda meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Lakini Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa. Kikipitwa, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia. Kikipitwa sana, tena kwa miaka mingi, mifupa huathirika na viungo hukakamaa.

Muuzaji atakuambia: "Mimi nimekunywa maji haya miaka kumi, na meno yangu ndiyo haya, meupe." Huenda hasemi uongo. Meno ya mtu mzima yamekwisha kuumbika. Anayeumia ni mtoto ambaye hajatimiza miaka minane, hasa yule mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji ya kisima. Doa likishaingia halitoki kwa mswaki. Nimewaona vijana wanaoziba mdomo kwa kiganja wakicheka, na watu wazima wanaowakemea eti hawapigi mswaki. Ni dhuluma kumlaumu mtoto kwa kosa la mwamba.

Usidanganyike kwamba utayachemsha. Kuchemsha huua viini, lakini floraidi hubaki, tena huzidi makali kwa vile maji hupungua sufuriani. Dawa ya klorini haiiondoi pia. (Na sisi wapenzi wa chai tukumbuke kwamba majani ya chai yenyewe yana floraidi.)

Basi kabla hujalipa arbuni, mwombe muuzaji ripoti ya maabara ya kisima hicho, na utazame tarehe yake. Kama hana, teka maji katika chupa safi ya plastiki, uyapeleke mwenyewe katika maabara inayopima maji. Teka kwenye mfereji wa jikoni, siku ambayo kisima peke yake ndicho kinachotumika. Mitaa kadhaa huchanganya maji ya kisima na ya kampuni katika tangi moja, na ukiteka siku ya mchanganyiko utapata jibu tamu lisilo la kweli.

Kwa maoni yangu, mzigo huu haufai kuwa wa mnunuzi peke yake. Anayejenga nyumba hamsini na kuchimba kisima anayajua maji yake. Mbona picha za jiko na vigae zijae katika matangazo yake, na karatasi moja ya maabara ikosekane? Serikali ya kaunti ingeweza kulazimisha karatasi hiyo iambatanishwe na mkataba wa mauzo.

Wewe uliyekwisha kununua, usikimbilie kuuza. Maji ya kisima yaendelee kuoga, kufua na kudeki. Ya kunywa, kupikia na hasa ya mtoto, tafuta mengine. Weka mifereji ya paa na tangi la mvua, kwani maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Pia iko mitambo ya kuchuja, na mchujo wa makaa ya mifupa ambao umetumika kwa miaka mingi kule Nakuru. Makaa hayo huchoka, kwa hiyo muulize anayekuuzia yabadilishwe baada ya muda gani, na atakayekuja kuyabadilisha ni nani.