KUOKOA PUMZI NI KAZI YA WENGI: TUFUNZWE PAMOJA



Wenzetu wafanyao kazi hospitalini walijua vema jambo hili: moyo wa mgonjwa wasimama ghafula, au mtoto mchanga azaliwa asilie wala asivute pumzi. Hapo hakuna nafasi ya kumtafuta mkubwa wala kufungua kitabu. Mtoto wa namna hiyo yapasa aanze kupuliziwa hewa kabla dakika 1 haijapita. Watakaomwokoa ni wale walio karibu naye saa hiyo.

Swali letu ni hili: je, watu hao wamepata kufunzwa pamoja? Mara nyingi daktari hupelekwa semina yake, muuguzi yake, na mhudumu wa wodi hapelekwi popote. Siku ya hatari wote hukusanyika kwenye kitanda kimoja, kila mtu na ujuzi wake, bila kupata kuifanya kazi hiyo na wenziwe hata mara moja.

Na kazi hiyo si ya mtu mmoja. Akiwa mgonjwa ni mtu mzima, mmoja abonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kishuke sentimita 5 au zaidi kidogo. Mwingine ashika njia ya hewa na kumpulizia mara 2 baada ya kila mibonyezo 30. Wa tatu atayarisha dawa, wa nne aandika saa, na mmoja awaongoza wote. Abonyezaye huchoka upesi, hata mwenyewe asitambue, kwa hiyo yafaa apokewe kila baada ya dakika 2. Wakisitasita katika kupokezana, damu haifiki ubongoni. Tena aambiwaye kutoa dawa arudie kwa sauti alichoambiwa, na akiisha kuitoa aseme imetolewa. Asipofanya hivyo, dawa huweza kutolewa mara mbili, au isitolewe kabisa.

Liko pia jambo la ukubwa na udogo. Muuguzi mdogo akiona kifua hakiinuki, yaani hewa haiingii, lazima aweze kumwambia daktari papo hapo bila woga. Ujasiri huo hauji siku ya hatari ikiwa hawakuuzoea siku za mazoezi.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Katika hospitali ya wazazi ya Pumwani, Nairobi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha wafanyakazi waliofunzwa kwa siku 1 namna ya kumwokoa mtoto asiyepumua, na wale waliokuwa bado. Waliofunzwa walifanya hatua za kwanza sawasawa mara 66 katika kila 100. Wasiofunzwa mara 27 tu. Ndiyo kusema mafunzo yana faida.

Lakini siku moja haitoshi. Jirani zetu wa hospitali ya Haydom, Tanzania, walipofunzwa kwa siku 1 walionyesha ustadi juu ya mtoto wa bandia, lakini katika chumba cha kuzalishia kazi haikubadilika. Hayo yalichapishwa mwaka 2013. Ndipo wakaanza mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, pale pale kazini. Taarifa ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua, kutoka 11 hivi katika kila 1,000 hadi 7 hivi. Hawakujengewa chuo kipya. Walipewa nafasi ya kurudia.

Kwa hiyo twawaambia waajiri, wawe ni serikali za kaunti, misheni au wenye hospitali zao, kwamba twataka haya:

1. Mazoezi yafanywe pale pale wodini, mara kwa mara, na watu wa zamu moja pamoja: daktari, muuguzi, mkunga na mhudumu.

2. Yafanywe katika saa za kazi zenye malipo, si siku ya mapumziko ya mfanyakazi.

3. Mfuko wa kupulizia hewa, barakoa zake na dawa zikaguliwe kila zamu ianzapo.

4. Baada ya kila tukio, waliokuwapo wakae wazungumze lililokwenda vizuri na lililoharibika, pasipo mtu kutishwa kwa barua ya onyo.

Hili la nne ni kubwa. Mgonjwa akifa, wa kwanza kuitwa ofisini ni yule muuguzi wa zamu. Haulizwi kama aliwahi kufunzwa na wenzake, wala kama mfuko ulikuwa mzima. Kumdai mtu kazi ya kikosi, na kikosi hukukifunza, ni dhuluma.

Nasi tuna wajibu wetu. Mazoezi yakiitishwa, tusijifiche chumba cha chai. Mwenye cheo asione haya kusahihishwa na mdogo wake. Makatibu wa matawi yaliyo hospitalini walete jambo hili katika mkutano ujao, nao wauliza kwanza swali hili: katika zamu ya leo usiku, nani atabonyeza kifua, na nani atampokea?

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mhariri