Mavazi ya Mtafiti na Majibu Anayopewa

Katika vyuo vyetu somo la mbinu za utafiti hufundishwa kwa kirefu. Mwanachuo huelezwa jinsi ya kutunga maswali, kuteua shule na kupanga majibu katika majedwali. Juu ya nguo atakazovaa kutwa nzima akiwa kijijini huambiwa neno moja tu, kwamba awe nadhifu. Neno hilo halitoshi, na upungufu wake waonekana wazi mahali kama Mwaya, wilayani Kyela, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Nchi yenyewe ni tambarare, yenye joto na unyevu. Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na katika masika njia zipitazo kati ya mashamba ya mpunga hugeuka tope. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyefika huko kwa utafiti huwa darasani asubuhi, njiani adhuhuri, na jioni barazani kwa mzazi wa mtoto. Kutwa nzima hana pa kubadilishia nguo. Suti ya tetroni na viatu vya ngozi vitamchosha kabla ya saa sita.

Lakini hoja yangu kubwa si uchovu. Nguo za mtafiti humtangulia kusema. Mtoto wa darasa la tatu amwonapo mgeni mwenye tai na mkoba hudhani ni mkaguzi, naye humjibu kama ajibuvyo mkaguzi, yaani hutafuta jibu la kumpendeza. Mwalimu mwenyeji naye huacha somo la siku hiyo na kulirudia lile alilolifundisha vizuri juma lililopita. Jioni daftari limejaa, nalo halina habari za shule ile. Ndugu wanachuo, majedwali ya namna hiyo yakija kutumiwa kupanga vitabu na mitaala, mtakaosimama mbele ya watoto na vitabu hivyo ni ninyi.

Historia yetu yatukumbusha jinsi vazi la msomi linavyoweza kumtenga. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakiwa wamevaa majoho yao ya kitaaluma. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Kosa walilohukumiwa lilikuwa msimamo wao, wala si joho. Hata hivyo, kwa mkulima aliyewaona, joho lile lilikwisha kumwambia kuwa hawa si wenzake.

Wapo waliolikwepa kosa hilo wakaangukia jingine. Huvaa shati lililochanika na ndala zilizokatika ili wafanane na wanakijiji. Huo naona ni utovu wa adabu. Mzee aliyevaa koti lake jema ili ampokee mgeni anajua fika kwamba mgeni huyo ana posho.

Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walilipa uzito mkubwa neno ukwangala, yaani kuketi pamoja kwa urafiki na mazungumzo. Kitabu cha Monica cha mwaka 1951 kilipata jina lake kutokana na neno hilo. Basi jiulizeni, mtu anayeihofia suruali yake atawezaje kuketi mkekani saa mbili? Hushindwa kutulia, mwenyeji akaona, mazungumzo yakakatika.

Kwa mtafiti wa kike jambo hili lataka uangalifu zaidi. Wanyakyusa walikuwa na desturi kali ya mkaza mwana kumwepuka baba mkwe wake, hata asimtazame. Katika nyumba zilizolelewa kwa heshima ya namna hiyo, gauni fupi litahukumiwa kabla swali la kwanza halijaulizwa, na wanawake wenyewe ndio watakaonyamaza. Kanga mkobani ni chombo cha kazi sawa na kalamu.

Kwa hiyo ningependekeza nguo za pamba za rangi isiyoonyesha tope upesi, zisizofanana na sare ya ofisa yeyote, na viatu vya plastiki vinavyooshwa mlangoni. Nguo safi ya kawaida, ambayo mwalimu wa shule ile angevaa siku ya kazi, yatosha.

Jambo moja husahauliwa kabisa. Mtafiti hulala kwa watu. Akija na mashati meupe sita, yatafuliwa kwa maji yaliyochotwa na binti wa nyumba ile na kupigwa pasi kwa mkaa walioununua wenyeji. Mara nyingine binti huyo ni mwanafunzi wa darasa lile lile analolichunguza, na asubuhi huchelewa shule kwa sababu ya kufua. Mtafiti humwandika katika orodha ya watoro.