Tozo za Maegesho Binafsi: Si Kulipa kwa Hofu, Wala Kupuuza

Katika maegesho mengi binafsi nchini Uingereza, kamera husoma namba za magari, kisha barua ya madai hufika nyumbani. Barua hiyo hufanana na faini ya Serikali, lakini sivyo ilivyo: ni madai ya kampuni, yanayotegemea mkataba uliotangazwa kwa mabango. Kiasi kinaweza kufikia pauni 100, na punguzo kwa anayelipa ndani ya siku 14 huwasukuma wengi kulipa hata wasichostahili kudaiwa. Kwa familia yenye kipato kidogo, hicho ni chakula cha wiki nzima.

Hata hivyo, kunyamaza si dawa. Mwaka 2015, katika shauri la ParkingEye dhidi ya Beavis, Mahakama ya Juu iliamua kwamba tozo ya pauni 85 kwa dereva aliyezidisha muda ilikuwa halali. Mabango yalikuwa makubwa na yaliyosomeka vizuri. Basi, palipo na bango lililofichika au mashine mbovu, pana hoja ya kupinga.

Anayeonewa atunze risiti, apige picha za mahali hapo, na aiandikie kampuni kwanza. Akikataliwa, akate rufaa kwa chombo kilichotajwa katika jibu. Kikiwa POPLA, muda ni siku 28, bila malipo, na uamuzi wake huifunga kampuni, si dereva.

Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake: aliyeonewa apinge, na aliyekosa kweli alipe.