Hewa Nyepesi Haimpi Mtu Mbio

Kuna neno ninalolisikia gereji baada ya gereji, kuanzia Nakuru hadi Eldoret: huku juu hewa ni nyepesi, haimzuii mtu, kwa hiyo pikipiki lazima ikimbie kuliko ikiwa Mombasa. Vijana wanaofuatilia mbio za maili moja, zile ambazo mwendeshaji huondoka akiwa amesimama na kasi yake ikapimwa anapomaliza mita 1,609, wamelishika neno hilo kama hirizi. Ni neno la uongo. Linaua injini, na siku moja litaua mtu.

Ubaya wake ni kwamba limefungwa ndani ya ukweli. Eldoret iko kwenye mwinuko wa takribani mita 2,100, na hewa ya huko ni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu moja ya tano. Upepo unaomsukuma mwendeshaji kifuani hupungua kwa kiasi hicho hicho. Hapo hakuna ubishi.

Lakini injini nayo inakula hewa hiyo hiyo. Petroli haiungui peke yake. Kila tone linadai sehemu yake ya hewa, na hewa ikipungua kwa moja ya tano, moto ndani ya silinda nao unapungua. Injini isiyo na turbo iliyotoa nguvu farasi 100 kule Mombasa itatoa 80 au chini yake ikifika Eldoret. Upepo umepunguza deni, na mfuko nao umepungua vile vile. Ukipewa barabara isiyo na mwisho, utaikaribia tu ile kasi ya juu uliyoiacha pwani.

Na katika maili moja barabara ina mwisho. Hewa imepungua, ila uzito haujapungua hata gramu. Pikipiki ni ile ile, mwendeshaji ni yule yule, na kuunyanyua mzigo huo kutoka sifuri kunataka nguvu, ambayo sasa huna. Nusu ya kwanza ya safari, upepo bado haujawa adui mkubwa, kwa hiyo faida ya hewa nyepesi haijaonekana. Hasara yake imeshaonekana tangu ulipoachia klachi. Faida inapoanza kuja, maili imekwisha.

Imani hii ilitoka wapi? Nadhani tuliiazima kwa waendesha baiskeli. Mwaka 1972 Eddy Merckx alikwenda Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, akaendesha kilomita 49.431 kwa saa moja na kuweka rekodi ya dunia. Alifanya hesabu nzuri: binadamu hupungukiwa pumzi huko juu, lakini si kwa kiasi ambacho upepo unapungua. Injini ya kawaida haina bahati hiyo. Wengine wanatutajia Bonneville, ile nyika ya chumvi katika jimbo la Utah, Marekani, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,280. Ni kweli kwamba rekodi nyingi zimewekwa pale. Lakini pale mtu anajipa maili kadhaa za kukusanya kasi kabla hajaingia kwenye kipande kinachopimwa. Kilicholeta sifa ya Bonneville ni urefu wake na utambarare wake. Kimo hakikumfanyia mtu hisani.

Anayebisha na atazame kasi kubwa zilikopatikana watu walipoanza kwa kusimama. Mwaka 2011, Bill Warner aliipandisha Suzuki Hayabusa yenye turbo hadi zaidi ya kilomita 500 kwa saa ndani ya maili moja na nusu. Hakwenda mlimani. Alikwenda Loring, uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi katika jimbo la Maine, chini ya mita 250 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nzito na injini inashiba. Miaka miwili baadaye alifariki kwenye uwanja huo huo akijaribu tena. Nataja kifo chake kwa heshima, na kwa sababu kasi ya namna hii haimsamehe mtu hata akiwa ameijua kazi yake.

Na tazama Pikes Peak, Colorado, ambako mashindano ya kupanda mlima huanza kwenye mita 2,800 hivi na kuishia zaidi ya mita 4,300. Mwaka 2013 pikipiki zote za petroli zilishindwa na pikipiki ya umeme. Mota ya umeme haipumui. Hiyo ndiyo iliyostahili kuishukuru hewa nyepesi.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu ninaona imani hii inachofanya. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea pikipiki yake ya sisi 250, aliyokuwa akiiandaa kwa majaribio ya kasi kwenye kiwanja cha ndege kisichotumika. Alikuwa ameng'oa ea klina "ili ipumue", amekata ekzosi, ameweka jeti kubwa zaidi kwenye kabureta, na mbele amefunga sproketi yenye jino moja zaidi, kwa sababu aliambiwa upepo hautamzuia. Nilifungua plagi. Ilikuwa nyeusi tititi, masizi makavu kama ya kitako cha sufuria ya kuni. Nilipoitoa silinda, ukutani mwake kulikuwa na mikwaruzo ya wima unayoweza kuihisi kwa ukucha: vumbi la barabara limepita moja kwa moja na kula ringi.

"Lakini fundi, si hewa ya huku ni kidogo?" aliniuliza.

"Ndiyo, kijana wangu. Na wewe umeizidishia mafuta."

Kabureta haipimi uzito wa hewa. Hewa nyepesi ikipita, bado inamwaga petroli nyingi kuliko inavyofaa, na injini inazama kwenye mafuta yake yenyewe. Dawa ni jeti ndogo, si kubwa, na plagi isomwe baada ya kila mwendo hadi iwe na rangi ya hudhurungi. Sproketi nayo ni kinyume cha walivyomwambia: kwa kuwa kasi ya mwisho itakuwa ndogo, gia zifupishwe, ili unapofika mwisho wa maili injini iwe kwenye mizunguko yenye nguvu zake zote, isiwe inakokota miguu kwenye gia ya sita. Kununua petroli ya okteni ya juu kwa sababu umepanda mlima ni kutupa pesa. Huko Colorado vituo vimezoea kuuza ya okteni 85 kama ya kawaida, kwa kuwa mgandamizo ndani ya silinda umeshuka. Na subiri asubuhi. Joto likipanda nyuzi 10, hewa inapungua tena kwa karibu asilimia 3.

Mwenye turbo nampa haki yake. Yeye anaweza kuirudishia injini hewa iliyokosekana na kuifaidi hewa nyepesi ya nje. Ila ajue kwamba geji yake ya presha inahesabu kuanzia hewa iliyomzunguka: pauni zile zile za Mombasa, huku juu ni hewa pungufu. Akiongeza, turbo itazunguka kwa kasi zaidi na hewa itaingia ikiwa ya moto zaidi.

Kuna jambo la mwisho, na hili halina mjadala. Mwendeshaji akishapita mstari, huinuka ili kifua chake kisaidie breki. Katika hewa nyepesi, kwa kasi ile ile, msaada huo umepungua kwa moja ya tano. Maana yake, kiwanja kilichotosha kusimama pwani huenda kisitoshe huku. Anayeamini kwamba hewa nyepesi ni rafiki yake hapimi sehemu ya kusimama. Anapima ya kukimbilia tu.

Kijana yule nilimrudishia ea klina yake na silinda iliyochongwa upya. Jeti mpya nilimwekea kiganjani kabla ya kuifunga, akaigeuza geuza na kuinua kwenye mwanga, akitafuta tundu. Lilikuwa dogo kiasi kwamba ilimbidi afumbe jicho moja ili alione. Hapo ndipo maandalizi ya mlimani yanapoanzia, kwenye kitundu kile, na kwa mtu kukubali kwamba amepoteza nguvu kabla hata hajawasha.